Maandalio ya Somo na Mazingira ya Mwanafunzi: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

UTANGULIZI

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanapoitaja siasa hiyo hukumbuka jembe: shamba la shule, banda la kuku, bustani ya mboga. Ni kweli kwamba jembe lilikuwamo. Lakini lilikuwamo pia jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi na ndilo lililosahauliwa upesi zaidi. Jambo hilo ni kwamba shule inapaswa kumjenga kijana awe na akili ya kuuliza na kuchunguza, awe tayari kujifunza kwa wengine bila kuwaiga kijinga, na ajiamini kama mtu huru kati ya watu huru.

Makala hii inahusu jambo hilo la pili. Tunakusudia kueleza jinsi mwalimu wa sekondari anavyoweza kupanga masomo yanayomfikirisha mwanafunzi katika Sayansi, Historia, Kompyuta na Uraia. Hatutaeleza kwa nadharia tupu. Tutachukua mahali pamoja, yaani Karatu na Ngorongoro, na kitu kimoja kilichopo mahali hapo, tuone jinsi kinavyoweza kufundishwa. Msomaji aliyeko Mtwara, Kigoma au Pemba atabadilisha kitu, lakini njia itabaki ile ile.

KIPINDI TULICHOKIONA

Wakati fulani tulikaa nyuma ya darasa la Kidato cha Pili katika shule moja ya kata wilayani Karatu. Kilikuwa kipindi cha Historia. Mwalimu aliandika ubaoni jina Zinjanthropus, chini yake akaandika 1959, chini yake akaandika miaka milioni 1.75. Wanafunzi walinakili. Kisha mwalimu akauliza, darasa zima likajibu kwa sauti moja. Akauliza tena, wakajibu tena. Mtu aliyepita nje angedhani kwamba somo limefana.

Karibu na mwisho wa kipindi mwanafunzi mmoja aliyeketi dirishani alinyosha mkono. Aliuliza hivi: "Mwalimu, walijuaje kwamba ni miaka milioni hiyo, na hapakuwa na mtu wa kuhesabu?" Mwalimu alimtazama, akatazama saa, akasema: "Wewe andika. Hilo la walijuaje haliji kwenye mtihani." Darasa likacheka. Yule kijana akaketi.

Hatumlaumu mwalimu yule peke yake. Alikuwa na wanafunzi wengi, vitabu vichache, na muhtasari mrefu wa kumaliza kabla ya mtihani. Lakini hatuna budi kusema ukweli: swali lile ndilo lililokuwa somo. Yale yote yaliyoandikwa ubaoni yalikuwa majibu ya swali ambalo halikuwa limeulizwa. Na kijana aliyeliuliza alifundishwa siku ile jambo moja ambalo huenda asilisahau maisha yake yote, nalo ni kwamba kuuliza kunaleta aibu.

Tukumbuke pia mahali kipindi kile kilipofanyika. Barabara ya lami kutoka Makuyuni inapita katikati ya mji wa Karatu kuelekea lango la Lodoare. Kila siku magari ya watalii huipita barabara hiyo. Watu wamesafiri kutoka Marekani, Ujerumani na Japani ili wasimame ukingoni mwa bonde la Oldupai. Kijana wa Karatu huyaona magari hayo akienda shule na akirudi. Bonde lenyewe hulijua kama neno la kukariri. Hali hiyo tusipoibadilisha, tutakuwa tunalea vijana wanaoamini kwamba maarifa ni mali ya wageni, hata maarifa yaliyofukuliwa katika ardhi yao wenyewe. Kasumba ya namna hiyo haiondoki kwa hotuba. Huondoka kwa kazi ya darasani.

SOMO LINALOVUTIA NI LIPI?

Yapo makosa mawili katika kuelewa neno hili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba somo linalovutia ni lile lenye kicheko, nyimbo na michezo. Mwalimu huleta mchezo, wanafunzi hufurahi, kengele hugonga, na hakuna aliyejifunza lolote. Mchezo si kitu kibaya, lakini mchezo usio na swali ni burudani tu, na burudani wanafunzi wanaweza kujipatia wenyewe uwanjani.

Kosa la pili ni kudhani kwamba somo linalovutia linahitaji vifaa vya bei kubwa. Ukiuliza kwa nini Sayansi haifundishwi kwa vitendo, utaambiwa hakuna maabara. Ukiuliza kuhusu Kompyuta, utaambiwa hakuna umeme, au umeme upo na kompyuta hakuna. Upungufu huo ni wa kweli na lazima uondolewe. Lakini mwalimu anayengoja maabara ndipo aanze kufikirisha wanafunzi anafanana na mkulima anayengoja trekta huku mvua ikipita.

Sisi tunasema kwamba somo linalovutia lina mambo manne. Kwanza, lina swali moja la kweli, yaani swali ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu kwa kusoma mstari mmoja wa kitabu. Pili, lina ushahidi ambao mwanafunzi anaweza kuushika, kuupima, kuusoma au kuusikia. Tatu, lina kazi ambayo kila mwanafunzi anaifanya, siyo wawili walioketi mbele. Nne, lina mwisho ambapo mwanafunzi anasema ameamua nini na kwa sababu gani. Mwalimu anapoketi jioni kuandika andalio la somo, na ayaandike haya manne kabla ya kitu kingine chochote. Akikosa moja, bado hajawa na somo.

NYAYO ZA LAETOLI

Kitu tulichokichagua ni nyayo za Laetoli. Laetoli iko ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kusini mwa Oldupai. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ya jirani ilimwaga majivu. Mvua ndogo ikanyesha juu ya majivu hayo, yakawa kama saruji mbichi. Hata alama za matone ya mvua zilibaki. Wanyama wakapita, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita. Jua likayakausha majivu, na majivu mengine yakafunika juu yake.

Mwaka 1976 watafiti waliokuwa na Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, alipoanguka akikwepa, akaziona nyayo za wanyama ardhini mbele ya macho yake. Mwaka 1978 zilionekana nyayo za wale watembea kwa miguu miwili, njia yenye urefu wa mita 27 hivi. Ziliuonyesha ulimwengu kwamba babu zetu walisimama wima na kutembea zaidi ya miaka milioni moja na nusu kabla ya zana za mawe za Oldupai.

Sasa tuone jinsi kitu hiki kimoja kinavyozaa masomo manne.

(a) Sayansi

Swali: Je, unyayo unaweza kutuambia kimo cha mtu ambaye hatujamwona?

Ushahidi uko miguuni mwa wanafunzi wenyewe. Mwalimu anatengeneza kitalu cha udongo mwekundu uliolowana nyuma ya darasa. Wanafunzi wanapita peku mmoja mmoja. Wawili wawili wanapima urefu wa unyayo kwa rula, na kimo cha mwenye unyayo kwa kamba iliyowekewa alama. Kisha wanagawanya urefu wa unyayo kwa kimo. Wataona kwamba kwa watu wengi jibu linakaribia 0.15, yaani unyayo ni kama asilimia 15 ya kimo. Hawakuambiwa, wamekipata wenyewe.

Hapo mwalimu anawapa nyayo za Laetoli. Mwaka 2016 zilitangazwa nyayo nyingine zilizogunduliwa huko, na mmoja wa waliozipiga alikuwa na unyayo wa sentimita 26 hivi. Wanafunzi watagawanya 26 kwa 0.15, watapata kimo cha sentimita 173 hivi. Kisha mwalimu anawaambia kwamba watafiti walikadiria sentimita 165 hivi. Nani amekosea? Hakuna aliyekosea kugawanya. Kosa ni kutumia uwiano wa mwili wetu kwa kiumbe ambaye mwili wake haukuwa kama wetu. Mwanafunzi atakayeligundua hilo mwenyewe atakuwa ameelewa jambo kubwa katika sayansi: kila kipimo kina dhana ndani yake, na dhana nayo ipimwe.

Na swali la yule kijana wa dirishani? Linahitaji vizibo 64 vya soda. Kila kundi linavitikisa vizibo vyake ndani ya kopo, linavimwaga, linaondoa vilivyolala chali na kuhesabu vilivyobaki. Linatikisa tena vilivyobaki. Vitabaki kama 32, kisha kama 16, kisha kama 8. Havitakuwa sawasawa, na mwalimu aulize kwa nini. Wapo watakaosema ni bahati, wapo watakaosema umbo la kizibo linapendelea upande mmoja, na wote wana jambo la kujadili. Baada ya hapo ndipo aeleze kwamba ndani ya mawe ya volkano kuna aina ya potasiamu inayogeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Nusu yake hugeuka katika miaka bilioni 1.25. Jiwe likiwa bado ni uji wa moto, gesi hutoroka. Likiganda, gesi hunaswa na kuanza kujikusanya. Anayepima gesi iliyonaswa na potasiamu iliyobaki anajua jiwe liliganda lini. Hivyo ndivyo umri wa tabaka la Zinjanthropus ulivyopatikana na kutangazwa mwaka 1961. Hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Jiwe lenyewe lilikuwa likihesabu.

(b) Historia

Swali: Nani aligundua?

Hili linaonekana jepesi, kumbe sivyo. Mwalimu anaandika kadi chache na kuzigawa kwa makundi. Kadi ya kwanza: mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika Oldupai, akaondoka na mifupa. Kadi ya pili: Wamaasai wa hapo walikuwa wakipaita mahali hapo kwa jina la mkonge-pori unaoota bondeni, oldupai, na wageni wakaandika Olduvai. Kadi ya tatu: tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus. Kadi ya nne: mwaka 1964 Kamoya Kimeu, Mkenya, alilipata taya la kiumbe wa jamii hiyo hiyo huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Kadi ya tano: mwaka 1978 huko Laetoli, Paul Abell aliona alama ya kisigino, na aliyepewa kazi ya kufukua na kuthibitisha kwamba nyayo zinaendelea ni mchimbaji mzoefu Ndibo Mbuika. Kadi ya sita: nyayo zilizotangazwa mwaka 2016 zilitokana na kazi iliyoongozwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akishirikiana na wenzake wa Tanzania na Italia.

Kila kundi liandike aya moja ya kitabu cha shule juu ya ugunduzi huo. Halafu aya zisomwe mbele ya darasa na kulinganishwa. Nani ametajwa? Nani ameachwa? Je, mtu "hugundua" mahali ambapo wenyeji walichunga mifugo na wamepapa jina? Je, mwenye kushika sululu na brashi ni mgunduzi au ni kibarua tu? Hatumwambii mwanafunzi amnyime Mary Leakey heshima yake. Alifanya kazi kubwa kwa miaka mingi, juani na vumbini. Tunamwambia ajifunze kwamba historia huandikwa na mtu, na mtu huyo amesimama mahali fulani anapoandika. Ukimya wa kitabu nao ni ushahidi.

(c) Kompyuta

Swali: Je, tunaweza kuieleza kazi yetu kwa usahihi kiasi kwamba hata asiyefikiri aweze kuifanya?

Watu wengi hudhani somo la Kompyuta ni kujua kubonyeza. Kubonyeza hujifunzwa kwa siku chache. Jambo gumu ni kupanga hatua. Wanafunzi wachukue kazi ile ile ya nyayo, waiandike kama maagizo: Moja, anza. Mbili, soma urefu wa unyayo kwa sentimita. Tatu, kama urefu ni chini ya 10 au ni zaidi ya 35, sema "pima tena" na urudi hatua ya pili. Nne, gawanya urefu kwa uwiano wa darasa. Tano, andika kimo. Sita, kama bado yuko mwanafunzi, rudi hatua ya pili. Saba, tafuta wastani. Nane, mwisho.

Kisha mwanafunzi mmoja anaigiza mashine. Amri yake ni moja tu: afanye lile lililoandikwa, asiongeze wala asipunguze. Kama maagizo hayakusema aanze kupima kwenye kisigino, ana haki ya kuanza popote. Kama hayakusema aishie wapi, asiache. Darasa litacheka, lakini kila kicheko kitakuwa kimefichua kosa katika maagizo, na kundi litarudi kusahihisha. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi wa programu, nayo imefanyika kwa daftari na kalamu.

Shule yenye kompyuta hata moja iende mbele zaidi. Vipimo vya darasa viingizwe kwenye jedwali kwa zamu. Uwiano uandikwe mahali pamoja. Ukibadilishwa kutoka 0.15 kuwa 0.16, vimo vyote vinabadilika kwa mara moja. Mwanafunzi aliyehesabu kwa mkono ataelewa thamani ya mashine. Lakini mwalimu aingize makusudi kipimo kimoja cha uongo, sentimita 260 badala ya 26, awaulize wastani umekuwaje. Waone kwamba mashine haina aibu. Ukiipa uongo, itakurudishia uongo kwa kasi. Kwa vijana wanaopokea habari za kila namna kwenye simu za mkononi, funzo hilo si la darasani tu.

(d) Uraia

Swali: Nyayo za Laetoli ni za nani, na zitunzweje?

Mambo ya kale nchini yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Baada ya nyayo zile kufukuliwa, zilifunikwa tena. Miaka ilivyopita, migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kuzitishia. Katika miaka ya 1995 na 1996 wataalamu wa Tanzania na wa Taasisi ya Getty ya Marekani waliiondoa mizizi, wakazifunika upya kwa tabaka za mchanga, udongo na mawe. Wazee wa Kimaasai walishirikishwa, na sherehe ya baraka ilifanyika ili wakazi wapaheshimu mahali pale.

Darasa ligawanywe mara nne: watunzaji wa mambo ya kale, wakazi wafugaji, waongoza watalii, na wanafunzi wa shule za jirani. Kila kundi litoe hoja: je, nyayo ziendelee kufunikwa ili zidumu, au zifunuliwe ili watu wazione? Hata wataalamu wenyewe wamebishana juu ya hilo. Sharti ni kwamba hakuna atakayejibu hoja ya mwenzake kabla hajairudia kwa maneno yake mwenyewe, hadi mwenyewe akubali kwamba imeelezwa sawasawa. Sharti hilo dogo hufundisha uraia kuliko kurasa kumi za maana ya demokrasia.

SWALI GUMU

Tungeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa imekamilika kwa usalama. Lakini anayefundisha Uraia Ngorongoro hataweza kuishia hapo, kwa kuwa wanafunzi wake hawataishia hapo.

Tunakiri kosa letu wenyewe. Katika semina moja ya vijana, tukiwa ndio wakufunzi, kijana wa familia ya wafugaji alisimama akauliza: "Wazazi wangu wahame au wabaki?" Tulimjibu kwa maneno makubwa kuhusu maendeleo, umoja na uzalendo. Kila neno tulilosema lilikuwa zuri, na hakuna hata moja lililojibu swali. Kijana alisema, "Asante, ndugu mkufunzi," akaketi, na hakufungua kinywa tena mpaka semina ikaisha. Tuliondoka tukijua kwamba tumemfanyia lile lile alilofanyiwa yule wa dirishani kule Karatu.

Tungemfanyia nini? Tungemsaidia kuliweka swali lake mezani pamoja na ushahidi. Kwamba Eneo la Hifadhi la Ngorongoro lilianzishwa kwa sheria mwaka 1959, mwaka ule ule wa Zinjanthropus, pale wafugaji wa Kimaasai walipoondolewa Serengeti, na kwamba lilianzishwa kama mahali pa kuishi watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Kwamba mwaka 1975 kilimo kilikatazwa humo. Kwamba mwaka 1979 liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwamba kuanzia mwaka 2022 Serikali ilianza kuhamishia familia Msomera, wilayani Handeni, ikieleza kwamba watu na mifugo wameongezeka kupita uwezo wa eneo na kwamba wanaohama wanajiandikisha kwa hiari, wanapewa nyumba na ardhi. Kwamba wapo wakazi waliolalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba huduma zao zilipungua hata hiari ikawa si hiari. Kwamba Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii hiyo mjini Arusha akaahidi tume, na kwamba Februari 2025 tume mbili zilizinduliwa, moja kuhusu mgogoro wa ardhi na nyingine kuhusu zoezi la kuhama.

Haya yote ni mambo ya wazi. Mwanafunzi anayo haki ya kuyajua kwa mpangilio, kuuliza kila upande unasema nini na kwa ushahidi gani, kujua ni chombo gani kinaamua, na raia anapeleka hoja yake wapi kwa utaratibu wa sheria. Mwalimu hana haki ya kumwamulia mtoto kuhusu boma la baba yake. Wala hana haki ya kumnyamazisha. Wapo watakaosema kwamba kufundisha hivi ni kuchochea. Sisi tunaona kinyume. Kijana aliyezoea kupima hoja darasani hapelekwi ovyo na kila mwenye kelele, awe wa nje au wa ndani. Anayepelekwa ovyo ni yule aliyefundishwa kuitikia tu. Siku mwitikishaji akibadilika, naye hubadilika.

VIKWAZO NA JINSI YA KUVISHINDA

Wakati. Kipindi ni dakika 40. Masomo manne tuliyoyaeleza hayaongezi vipindi. Yanatumia vipindi ambavyo tayari vimo katika azimio la kazi. Kinachohitajika ni walimu wanne kuketi pamoja saa moja kabla ya muhula, ili vipimo vilivyopatikana kwenye Sayansi vitumike kwenye Kompyuta, na kadi za Historia ziandae mjadala wa Uraia. Shuleni kwingi walimu hao hukutana kwenye chai tu.

Majina ya masomo. Somo la Uraia lenyewe lilichukua nafasi ya Siasa baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, na mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu asibabaishwe na majina. Swali la nani anamiliki, nani anaamua, na kwa sheria gani, litabaki kuwa somo chini ya jina lolote.

Lugha. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Karatu na Ngorongoro zina Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi. Kimaasai na Kidatoga, ambazo ni za Kinailoti. Na Kihadza, ambacho hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kijana anaweza kufika Kidato cha Kwanza akiwa na Kiswahili kama lugha ya pili na Kiingereza kama lugha ya tatu. Ukimtaka afikiri papo hapo kwa lugha ya tatu, atanyamaza, nawe utadhani hana akili. Ushauri wetu ni huu: kundi lijadili kwa lugha linayoimudu, kisha liandike hitimisho kwa lugha ya mtihani, mwalimu akisaidia maneno. Fikra itangulie, maneno yafuate.

Mtihani. Mwalimu huogopa kwamba akifundisha kwa maswali hatamaliza muhtasari. Lakini aliyepima uwiano kwa miguu yake hahitaji kukaririshwa maana ya uwiano mara tano, na aliyetikisa vizibo ataikumbuka nusu inayopungua hata akiwa mzee.

Na lipo jambo moja zaidi. Katika kila darasa la Ngorongoro wapo vijana waliochunga mifugo tangu utotoni. Mara nyingi huketi nyuma, kimya, na ripoti zao si nzuri. Siku mwalimu atakapouliza juu ya nyayo, vijana hao ndio watakaosema kama ng'ombe aliyepita alikuwa akitembea au akikimbia, kama ni alama za leo asubuhi au za jana. Siku hiyo darasa litageuka nyuma kuwasikiliza. Mwalimu aliyeandaa somo vizuri atakuwa amemwachia kijana huyo nafasi katika andalio lake, kabla hajaingia darasani.

MWISHO

Kwa kifupi tumesema hivi. Somo lianze na swali la kweli, lipate ushahidi wa karibu, limpe kila mwanafunzi kazi, na limalizike kwa uamuzi wenye sababu. Kwa kufanya hivyo hatuhitaji kungoja maabara, ingawa maabara tutaendelea kuzidai na kuzijenga.

Tunawaomba walimu, na hasa sisi wakufunzi wa siasa, tuanze na jambo dogo wiki hii. Kila mmoja achukue andalio la somo moja, atafute mahali alipoandika "wanafunzi watasikiliza na kunakili", apafute, aandike swali moja. Kisha, swali la mwanafunzi likija ambalo halimo katika andalio, tusitazame saa.